Maswali ninayoulizwa steshenari: viongozi wanavyotushawishi tukubali mabadiliko ya sera

Steshenari yangu iko Dodoma mjini, mwendo mfupi wa bajaji kutoka bungeni. Nina mashine mbili za kutoa kopi, kompyuta moja na printa yenye kiburi. Msimu wa Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni, karatasi za kila aina hupita mezani kwangu: miswada, hotuba, barua za vyama, maoni ya wadau yaliyoandikwa usiku kucha na kuletwa asubuhi kwenye flashi. Mtu anayesubiri kopi zake hakosi swali. Haya ndiyo yanayojirudia. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kaunta, ila hapa nimepata nafasi ya kumaliza sentensi.

Kwani kiongozi kushawishi wananchi ni kosa?

Hapana. Ningemshangaa zaidi waziri anayebadilisha sheria bila kujisumbua kumweleza mtu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kwa sera methali hiyo haina msaada. Hata sera nzuri kabisa ikikaa kabatini wizarani haijiuzi. Mtu wa Bahi hataacha mkaa kwa sababu tu kuna mkakati umechapwa kwenye karatasi ya kung'aa.

Ninachowaambia wateja ni kwamba kuna kushawishiwa na kuna kuzungukwa. Anayekushawishi anakupa sababu na kukuachia nafasi ya kukataa. Anayekuzunguka anachagua ukione nini na usikione nini, halafu ndipo anakuuliza maoni yako. Mara nyingi mtu yuleyule hufanya yote mawili ndani ya hotuba moja, kwa hiyo usitafute watu wema na watu wabaya. Sikiliza sentensi.

Zamani, kabla ya simu, walifanyaje?

Walitembea, na walitumia redio. Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono. Huku kwetu, wakati wa Operesheni Dodoma ya kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, mwaka 1971 alikwenda Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Rais mwenye udongo mikononi ni hoja ngumu kuijibu. Utasimama uanze kumuuliza habari za umbali wa mashamba wakati amekupa mgongo anakanyaga udongo?

Ila hizo operesheni zilikuwa na matofali na zilikuwa na amri. Ilipofika Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya sabini, watu wengi nchini walihamishwa wapende wasipende. Wazee ninaokaa nao kijiweni wanakumbuka vyote viwili, na ukiwaachia waongee hawavichanganyi.

Kampeni ninayoipenda mimi ni Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi redioni, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo au kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Takribani watu milioni 2 walishiriki. Ilifanikiwa kwa sababu kila somo liliishia kwenye jembe, na mtu aliweza kulipima nyumbani kwake bila kumsubiri mtaalamu. Kampeni nyingi za leo zinaishia kwenye fulana.

Mbona jambo likitufikia sisi huwa limeshaamuliwa?

Kwa sababu linakufikia limechelewa, na kuchelewa huko ni sehemu ya mbinu.

Mabadiliko ya sheria huanzia wizarani, yakaenda Baraza la Mawaziri, ndipo muswada unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kusomwa bungeni kwa mara ya kwanza. Kusomwa huko ni kutajwa jina tu. Ukipiga chafya umepitwa. Baada ya hapo unakwenda kwenye kamati, na kamati inaita wadau watoe maoni, mara nyingi hapa katika Ukumbi wa Msekwa. Kisha unasomwa mara ya pili, wabunge wanaujadili, Bunge linakaa kama Kamati kupitia kifungu kwa kifungu, unasomwa mara ya tatu, unakwenda kwa Rais.

Mwananchi wa kawaida hushtuka kwenye kusomwa mara ya pili, kwa sababu hapo ndipo kelele zinapoonekana kwenye taarifa ya habari. Lakini kwa hatua hiyo waziri ameshaweka jina lake juu ya meza, na kurudi nyuma kunamuaibisha. Mlango ulikuwa wazi wakati wa kamati. Mimi najua kwa sababu ya saa za wateja wangu: taasisi zenye wanasheria huleta maoni yao yamefungwa vizuri siku mbili kabla. Wakulima wa zabibu walikuja siku moja saa tatu asubuhi na karatasi ya daftari, kikao saa nne, tuchape, tutoe kopi za wajumbe wote. Printa ikachagua asubuhi ile kugoma. Tukamaliza tukiwa tumebakiwa na dakika kumi, na sijui kama ile karatasi kuna aliyeisoma.

Kuna pia hati ya dharura. Rais akithibitisha kwamba jambo ni la haraka, muswada unaruka ngazi kadhaa za kawaida. Kuna dharura za kweli. Na kuna mambo ambayo haraka yake ni kwamba yakilala jua litayachoma.

Unaweza kutoa mfano wa namna umma ulivyoandaliwa kabla ya sheria?

Makinikia, mwaka 2017. Huo ni mfano ambao ungefaa kufundishwa shuleni, uwe uliunga mkono au ulipinga.

Kwanza palikuwa na kitu cha kuonekana kwa macho: makontena 277 ya mchanga wa madini bandarini Dar es Salaam. Sera ya mrabaha na mikataba ya madini haina picha. Kontena lina picha. Kisha wakaja wataalamu. Kamati ya kwanza, chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, iliwasilisha ripoti kwa Rais Magufuli tarehe 24 Mei, na ya pili, chini ya Profesa Nehemiah Osoro, tarehe 12 Juni. Zote zilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Tulisimama kwenye maduka ya simu tukitazama kama mechi ya Simba na Yanga. Mwanzoni mwa Julai, Bunge likapitisha kwa hati ya dharura sheria za kulinda rasilimali za nchi.

Hesabu wiki hizo. Kutoka ripoti ya pili hadi sheria haukufika mwezi mmoja, na kwa hali ya moyo wa nchi wakati ule, mbunge wa kusimama kuuliza "tumesoma kifungu hiki vizuri?" angeonekana anawatetea wezi. Hiyo ndiyo nguvu ya kuandaa uwanja: hoja haikatazwi, inafanywa iwe aibu.

Madai ya kodi yaliyotajwa yalifika dola bilioni 190. Mwisho wa mazungumzo na kampuni ya madini ya Barrick malipo yaliyokubaliwa yalikuwa dola milioni 300, pamoja na hisa asilimia 16 za serikali katika kampuni ya Twiga iliyoundwa baadaye. Wapo wanaosema tarakimu kubwa ilikuwa uongo, wapo wanaosema ilikuwa fimbo ya kujadiliana. Mimi naona ilifanya kazi yake siku ileile ilipotamkwa. Tarakimu ya kwanza ndiyo inayobaki kichwani. Ya pili huisomi hata ikiwa ukurasa wa mbele.

Kwa nini viongozi wanahangaika sana na majina?

Kwa sababu jina likishakubaliwa, nusu ya mjadala imekwisha. "Kupanda kwa bei" kunakuwa "kurekebishwa kwa bei". Anayehamishwa anaitwa "mvamizi" au anaitwa "mwananchi anayepisha mradi", na kila jina lina fidia yake.

Mfano wa nyumbani ni "elimu bure". Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada, na kuanzia Januari 2016 watoto wakafurika shuleni. Lugha ya serikali ilikuwa elimu bila ada, baadaye elimumsingi bila malipo. Lugha ya mtaani, na ya majukwaani pia, ikawa elimu bure. Ukisikia "bila ada" utauliza: na chakula cha mchana? Na mlinzi? Ukisikia "bure" huulizi kitu. Basi mwalimu mkuu akiitisha kikao cha uji, mzazi anakuja na hasira za halali kabisa: Rais kasema bure, wewe nani? Januari 2018 Rais akapiga marufuku michango ya lazima shuleni. Neno moja tamu lilimletea kiongozi makofi, na likamwachia mwalimu ugomvi wa miaka miwili.

Kauli mbiu ni jambo hilohilo kwa ufupi. Uwazi na Ukweli, Ari Mpya Nguvu Mpya Kasi Mpya, Kilimo Kwanza, Matokeo Makubwa Sasa, Hapa Kazi Tu, Kazi Iendelee. Hakuna hata moja unayoweza kuipinga bila kuonekana mvivu au mchawi. Ndiyo maana zinafaa kwenye kofia na hazifai kwenye mjadala.

Nikisikia asilimia kwenye hotuba, niamini?

Uliza: asilimia ya nani? Swali hili nimelijibu mara nyingi kuliko yote, na kila mara narudi kwenye Bunge Maalum la Katiba la mwaka 2014, lililokaa hapahapa Dodoma.

Tarehe 18 Machi, Jaji Joseph Warioba, mwenyekiti wa tume iliyokusanya maoni ya Katiba mpya, aliwasilisha Rasimu ya Katiba yenye muundo wa serikali tatu: ya Muungano, ya Bara na ya Zanzibar. Moja ya nguzo zake ilikuwa maoni ya wananchi: kwa Tanzania Bara, kati ya waliozungumzia muundo wa Muungano, asilimia 61 walitaka serikali tatu, kwa Zanzibar, asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba. Ukisikia hivyo unasema basi, watu wamesema.

Tarehe 21 Machi akaja Rais Kikwete kulihutubia Bunge lilelile. Akachukua takwimu za tume yenyewe: waliotoa maoni walikuwa 351,664, na waliozungumzia muundo wa Muungano walikuwa 47,820, yaani asilimia 13.6. Hitimisho lake likawa kwamba asilimia 86.4 hawakuona muundo wa Muungano kuwa tatizo. Ukisikia hivyo nako unasema basi, watu wamesema.

Hakuna aliyedanganya kwa tarakimu. Tuwe na mtaa wenye kaya 100. Kwenye kikao watu 14 wanasimama kuzungumzia dampo, 9 kati yao wanataka lihamishwe. Diwani mmoja atasema asilimia 64 wanataka dampo lihamishwe. Mwenzake atasema asilimia 86 hawana shida na dampo. Wote wana kikokotoo kizima. Tofauti iko kwa wale 86 walionyamaza: je, aliyenyamaza ameridhika, au hakupewa kipaza sauti, au alidhani mkutano ni wa maji? Ukimya wa watu ni mali ambayo kila mwanasiasa anapenda kuisajili kwa jina lake.

Na angalia kalenda. Aliyezungumza siku tatu baadaye ndiye aliyebaki masikioni, na alikuwa mwenyekiti wa chama chenye wajumbe wengi zaidi ukumbini. Aprili 16 wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje. Oktoba 2 Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa ikiwa na serikali mbili, Oktoba 8 ikakabidhiwa kwa sherehe Uwanja wa Jamhuri. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 haikufanyika. Bado nina kopi tatu za rasimu kwenye rafu ya juu, pembe zimekuwa za njano kwa vumbi. Mara mojamoja anakuja mwanafunzi wa chuo kuulizia.

Imewahi kutokea viongozi wakaenda kinyume na wengi na bado ikawa sawa?

Tume ya Nyalali. Mwaka 1991 Jaji Mkuu Francis Nyalali alipewa kazi ya kukusanya maoni juu ya mfumo wa vyama. Takribani asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee, kama 21 walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na sheria ikaanza Julai 1, 1992. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba wengi wa hao 77 nao walitaka mabadiliko makubwa ndani ya mfumo uliokuwepo, na Nyerere mwenyewe alikuwa ameshaanza kusema hadharani kwamba wakati umefika.

Wateja wangu wakisikia hili hugawanyika. Mmoja husema ndiyo maana ya uongozi. Mwingine huuliza: kama 21 walitosha mwaka 1991, 61 walipungukiwa na nini mwaka 2014? Mimi huwa naenda kuangalia karatasi kwenye mashine.

Je, kelele za wananchi zimewahi kubadilisha kitu, au tunajifariji?

Zimewahi. Tozo ya miamala ya simu ni ushahidi wa karibu.

Ilianza Julai 15, 2021, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Hoja ya serikali ilikuwa barabara za vijijini, madarasa, vituo vya afya. Hoja nzuri, na madarasa yalihitajika kweli. Lakini ushawishi wote ulikutana na ujumbe mmoja mfupi wa simu.

Jumamosi ile nilimtumia mama hela ya dawa, Mpwapwa. Wakala aliye jirani yangu, ambaye siku zote hupiga soga, alikuwa kimya, anageuza simu kumwonyesha kila mteja makato kabla hajabonyeza namba ya siri, asije akalaumiwa. Mbele yangu alikuwepo mama muuza mboga wa Majengo. Akaangalia, akahesabu kwa midomo, akaomba arudishiwe hela yake. Akaifunga kwenye kanga, akaenda stendi kutafuta konda anayemfahamu. Hotuba ya nusu saa haiwezi kushindana na kile alichokiona kwenye kioo cha simu, kwa sababu kodi nyingi zimejificha ndani ya bei, na hii ilikuja na risiti.

Ndani ya siku chache Rais Samia akaagiza suala litazamwe upya. Septemba 2021 tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka wa fedha uliofuata kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000. Ilipoingizwa kwenye miamala ya benki kelele zikarudi, na Septemba 2022 Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba akalieleza Bunge kwamba baadhi zinafutwa na nyingine zinapunguzwa. Bajeti ya Juni 2023 ikaondoa tozo kwenye kutuma. Kwenye kutoa ikabaki.

Bajeti hiyohiyo ya 2021 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara. Hiyo nayo tuliilipa, kwenye nauli na kwenye nyanya, lakini hakuna simu iliyotutumia ujumbe. Sikumbuki mtu hata mmoja aliyeingia dukani kwangu akiilalamikia.

Kwa nini wanawatumia wasanii, viongozi wa dini na machifu?

Kwa sababu wewe humwamini waziri lakini unamwamini huyo. Ni kuazima uaminifu. Kwenye Sensa ya 2022 ulisaidia: mtu aliyeogopa kuhesabiwa alitulia aliposikia msikitini au kanisani. Msanii humletea kiongozi umati. Kama umati umekuja kwa sera au kwa wimbo, hilo hujulikana muziki ukizimwa.

Ila mkopo huu unaweza kudaiwa. Mwaka 2023, baada ya Bunge kuridhia makubaliano ya bandari na Dubai tarehe 10 Juni, Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa tamko Agosti la kuyapinga, likasomwa makanisani. Serikali ilikuwa na mawaziri wakizunguka kufafanua, wapinzani nao wakizunguka, kwa kuwa mikutano ya hadhara ilikuwa imeruhusiwa tena tangu Januari. Malalamiko makubwa yalikuwa kwamba makubaliano hayakuonyesha ukomo. Mikataba iliposainiwa Ikulu ya Chamwino, Oktoba 22, ilitajwa kuwa ya miaka 30, na utendaji kupimwa kila miaka mitano. Nani alimshawishi nani pale? Ukisoma zile karatasi mbili kwa kufuatana unaona alama za vidole vya watu wengi.

Kutoonyeshwa kwa Bunge moja kwa moja kulikuwa na uhusiano na haya?

Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, itaacha kurusha vikao vyote moja kwa moja, sababu ikiwa gharama, na badala yake kuwe na kipindi cha usiku kilichohaririwa. Gharama zipo, sibishi. Lakini mwenye mkasi ndiye anayeamua swali gani la mbunge wako ulisikie, na jibu lipi likatwe kabla halijamkaba waziri. Siku hizi intaneti imepunguza makali ya hilo kwa mwenye bando. Aliyeko Chemba na redio ya betri anasikia kilichochaguliwa.

Kura za maoni za taasisi je?

Zina faida, ukijua swali liliulizwaje na kwa nani. Twaweza, kwa mfano, huwauliza watu kwa simu kupitia Sauti za Wananchi. Mwaka 2018 walitoa matokeo kwamba wanaoridhishwa na utendaji wa Rais ni asilimia 55, kutoka 71 mwaka uliotangulia, na mjadala ukageuka haraka kuwa wa kibali cha utafiti badala ya tarakimu. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ikabanwa kuhusu nani anaruhusiwa kuchapisha nini. Mwaka 2019 ikalegezwa. Mtu akianza kugombana na rula, jiulize urefu uliosomeka ulikuwa wa nani.

Na hii kampeni ya nishati safi?

Iko mbele ya macho yetu, kwa hiyo ni nzuri kujifunzia. Mkakati ulizinduliwa Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Hoja ya afya ni ya kweli, moshi wa jikoni unaua, na hoja ya miti hatuhitaji kuhubiriwa sisi wa Dodoma. Mbinu iliyopendwa ni kugawa mitungi midogo kwenye mikutano, picha zinapigwa, mama anatabasamu.

Mtungi wa kwanza ni ushawishi. Wa pili ni sera. Jirani yangu alipata wa bure, ukaisha, na sasa umekaa chini ya meza ukishikilia ndoo ya maji. Mkaa ananunua wa kopo, kwa hela ya siku hiyo. Gesi haiuzwi kwa kopo. Kiongozi akija kwako na takwimu za mitungi iliyogawiwa, muulize ya mitungi iliyojazwa tena.

Mbona mbunge wangu alipinga mtaani na akasema ndiyo bungeni?

Chama. Kuna vikao vya wabunge wa chama kabla ya jambo kufika ukumbini, na huko ndiko wengi hugombana kwelikweli. Ukimwona anapiga meza usidhani siku zote amekubali. Wakati mwingine ameshindwa jana yake usiku.

Wapinzani na mashirika hawashawishi?

Wanashawishi sana, na mbinu ni zilezile: picha moja kali, tarakimu moja kubwa, jina baya. Tofauti ni kwamba hawana dola wala redio ya taifa. Nimechapa mabango yao pia. Kanuni ya "asilimia ya nani?" haina chama.

Nikitaka maoni yangu yahesabike nifanyeje?

Wahi. Angalia miswada kwenye tovuti ya Bunge inaposomwa mara ya kwanza, tafuta imepelekwa kamati gani, andika kwa Katibu wa Bunge ukitaja namba ya kifungu na maneno unayotaka yawekwe badala yake. Barua isemayo "tunapinga muswada wote" inawekwa kwenye rundo. Barua isemayo "kifungu hiki kitamuumiza mkulima wa ekari moja kwa sababu hii, kisomeke hivi" inanyanyuliwa na mjumbe, kwa kuwa imemfanyia kazi yake. Kurasa mbili zinatosha.

Kijijini, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu. Dai mapato na matumizi yasomwe, na dai muhtasari uandikwe ulichosema wewe, kwa idadi, siyo "wananchi waliunga mkono". Ukihitaji taarifa ya ofisi ya umma, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa maandishi, nao wana siku 30. Bakia na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Watu wanasahau muhuri, halafu mwezi mzima unakuwa neno lako na la masijala.

Kopi ya muswada kwako shilingi ngapi?

Kwa ukurasa, na pande mbili nakupunguzia. Lakini kama una simu yenye bando, ipakue kwanza uisome, huwa ni bure. Nyingi zina mwishoni sehemu inayoitwa Madhumuni na Sababu. Anza na hiyo, ni fupi, halafu rudi kwenye vifungu uone kama vinafanana nayo. Ukikuta havifanani, niletee kurasa hizo tu nikutolee. Nafungua saa moja na nusu, wiki za kamati saa kumi na mbili.